Fundi, dekstopu yangu imevurugika yote, nianzie wapi?

Mwezi huu barua za wasomaji zimekuja na kilio kinachofanana, mtu kaamka, kawasha kompyuta yake ya Linux (mfumo wa kuendesha kompyuta, kama Windows), na vitu havipo pale alipoviacha. Nimechagua nne. Ya kwanza nitakaa nayo sana kwa sababu huyu mama nilimpigia siku ileile nilipoisoma, kulikuwa na mitihani ya watoto ndani na mtu alikuwa anakaribia kuifomati, na mambo tuliyoyafanya kwenye simu yatawasaidia wengi.

*

"Habari za kazi fundi. Nina stationery yangu hapa Morogoro, natoa kopi, natype barua na CV za watu na mitihani ya shule mbili tatu za hapa jirani. Laptop yangu ya siku nyingi, RAM 4, ilikuwa na Windows 10, ile ilipofikia mwisho wake Oktoba 2025 na mashine haikubali Windows 11 kijana mmoja akaniwekea Linux Mint hii ya Xfce na kusema kweli imekuwa nyepesi, nimeipenda. Sasa Jumamosi mwanangu kaichukua kaichomeka kwenye tivii na waya wa HDMI waangalie mpira. Jumatatu nafungua ofisini, ule mstari wa chini wenye menyu haupo, ikoni zangu nilikuwa nimezipanga kushoto za shule kulia za wateja zimerundikana zote kona moja, nikifungua folda kipanya kinazunguka kama kweli inafunguka halafu siioni popote. Fundi wa jirani kaangalia kasema Linux imekufa, anataka elfu thelathini apige window, na vya ndani hana uhakika kama vitapona. Mitihani ya wiki ijayo imo humo. Nifanyeje?"
Mama wa stationery, Morogoro

Pole sana mama. Kama nilivyokwambia kwenye simu, elfu thelathini yako ikae mfukoni na laptop usiikabidhi kwa mtu mwenye flashi ya Windows mkononi. Mitihani ipo. Kilichovurugika ni mpangilio tu, na mpangilio kwenye Linux ni vijifaili vidogo vya maandishi vinavyokaa kwenye folda iliyofichwa ndani ya folda yako ya nyumbani, havichanganyiki kabisa na kazi zako. Ni kama mtu kaingia ofisini usiku kageuza kaunta na kuhamisha mashine ya kopi, rimu zako zote ziko stoo hazijaguswa.

Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu naliona kila mara. Mtu anapoteza kazi za miaka kwa tatizo la dakika kumi na tano, eti kwa kuwa kioo kimekaa vibaya basi mashine nzima imekufa. Haijafa. Kama inawaka, inakubali password na picha ya nyuma inaonekana, basi Linux yako ni nzima.

Sasa kilitokea nini Jumamosi. Laptop yako kioo chake kina nukta 1366 kwa upana na 768 kwa kimo, tivii ina 1920 kwa 1080. Ukichomeka waya, Xfce, yaani programu inayochora dekstopu yako, inaweza kuviunganisha vioo viwili kuwa uwanja mmoja mrefu, laptop inashika nukta za mwanzo mpaka 1365 na tivii inaanzia 1366 kwenda kulia. Mwanao kachagua tivii iwe kioo kikuu ili mpira uonekane vizuri, paneli, yaani ule mstari wa chini wenye menyu, nayo ikahamia huko. Waya ulipochomolewa laptop ikabaki inaamini tivii bado ipo pembeni. Ndio maana folda zinafunguka na huzioni, zinafunguka kwenye kioo ambacho hakipo.

Kwa hiyo kitu cha kwanza hatukugusa paneli wala ikoni, tulianza na vioo. Watu wengi wanakosea hapa, wanapanga ikoni nusu saa halafu wakirestati zinarundikana tena kwa sababu kioo cha mzimu bado kipo. Menyu ilikuwa haipo na kile kitufe chenye alama ya Windows hakifanyi kitu, maana menyu yenyewe inaishi ndani ya paneli na paneli haionekani. Lakini Ctrl+Alt+T inafungua terminali, dirisha la kuandikia amri, bila kutegemea paneli, na Alt+F2 inafungua kisanduku cha kuandika jina la programu. Weka kipanya katikati ya kioo chako kabla ya kubonyeza ili dirisha lije upande wako. Likifungukia kule usikokuona, bonyeza Alt+F7 halafu ulivute na mishale ya kibodi mpaka litokeze.

Kwenye terminali mama aliandika neno moja tu:

xrandr

Akanisomea kwenye simu herufi kwa herufi, na mistari miwili ndiyo iliyokuwa na habari yote:

LVDS-1 connected 1366x768+0+0
HDMI-1 disconnected primary 1920x1080+1366+0

Hebu uangalie huo mstari wa pili taratibu. Inasema HDMI imechomolewa, na hapohapo inasema ndiyo kioo kikuu, na imetengewa nafasi kuanzia nukta ya 1366. Yaani kiti cha mgeni aliyeondoka juzi bado kiko mezani na chakula kinapelekwa huko. Tukakiondoa:

xrandr --output HDMI-1 --off
xrandr --output LVDS-1 --primary --auto

Majina haya yanatofautiana mashine na mashine, laptop za karibuni kioo cha ndani kinaitwa eDP-1 mara nyingi, kwa hiyo usinakili yangu, tumia yale unayoyaona kwenye xrandr ya kwako. Alipobonyeza Enter ya pili folda tatu zilizokuwa zimepotelea upande wa tivii zikajitokeza kwa pamoja na mama akapiga kelele kwenye simu mpaka mteja wake akauliza kuna nini.

Paneli bado. Tukaandika

xfce4-panel --preferences

likafunguka dirisha la mipangilio, na pale kwenye Output palikuwa pameandikwa HDMI-1. Paneli ikishaambiwa ikae kwenye kioo fulani na kioo hicho hakipo inajificha, haihamii yenyewe kwingine. Ukibadilisha ikawa Automatic inarudi. Kwa watu wengi kazi inaishia hapa. Kwa mama ilirudi lakini ikiwa imenyofolewa, saa haipo, ile sehemu inayoonyesha madirisha yaliyo wazi haipo, alama ya intaneti haipo, nadhani mwanawe alikuwa anaraiti kliki huku na huku akitafuta namna ya kuirudisha akawa anaondoa kimoja kimoja. Unaweza kuviongeza tena kwa mkono kupitia Add New Items, lakini nikaona ni rahisi zaidi kuirudisha paneli kama ilivyokuja siku ya kwanza:

xfce4-panel --quit
pkill xfconfd
mv ~/.config/xfce4/panel ~/paneli-ya-zamani
mv ~/.config/xfce4/xfconf/xfce-perchannel-xml/xfce4-panel.xml ~/paneli-ya-zamani.xml

Huo mstari wa pili msiuruke. Kuna mtumishi anaitwa xfconfd ambaye kazi yake ni kushika mipangilio yote kichwani, ukihamisha faili wakati yeye yuko macho anaweza kuiandika tena ileile mbovu kutoka kwenye kumbukumbu yake na wewe ukabaki unasema mbona nimefuta na imerudi. Halafu muone natumia mv, nahamisha, sifuti. Siku zote hamisha, ukikosea unarudisha. Mambo ya rm, amri ya kufuta, mpaka uwe na uhakika.

Baada ya hapo akaandika xfce4-panel & na paneli nzima ikaja na saa yake na menyu yake. Tukashukuru, akafunga terminali, na paneli ikaondoka! Akanipigia tena sauti imeshuka kabisa. Kosa lilikuwa langu, nilisahau kumwambia: programu uliyoiwashia ndani ya terminali huwa inaweza kuzimika pamoja na terminali. Iwashe kwa Alt+F2, andika xfce4-panel, Enter, basi, inabaki. Ukitoka na kuingia tena inakuja yenyewe.

Zikabaki ikoni. Hapa kuna njia ya mkato, unaraiti kliki kwenye dekstopu na kuchagua Arrange Desktop Icons, zinajipanga zote mstari. Lakini hiyo inapanga inavyotaka yenyewe, itakuuliza kama una uhakika na ukikubali ule mpangilio wako wa shule kushoto wateja kulia umeusahau. Kabla ya kuibonyeza angalia kwanza kama mpangilio wa zamani bado upo, na wa mama ulikuwepo. Xfce inaandika mahali pa kila ikoni kwenye faili, na inatengeneza faili lake kwa kila ukubwa wa eneo. Andika

ls -lt ~/.config/xfce4/desktop/

na utaona majina kama icons.screen0- yakifuatiwa na upana na kimo. Mama alikuwa na yanayoanza na 1350 na linaloanza na 1904. Sio 1366 na 1920 kwa sababu inaacha nafasi kidogo pembeni, ila ukiangalia unajua lipi la laptop na lipi la tivii. Kimo nacho kinabadilika paneli ikinenepa au ikipungua. Hiyo amri inakuonyesha na tarehe, na moja kati ya yale ya 1350 lilikuwa la Ijumaa, kabla ya mpira. Ukilifungua kwa kihariri cha maandishi cha kawaida ndani yake ni hivi tu:

[/home/mama/Desktop/MITIHANI]
row=0
col=0

[/home/mama/Desktop/CV ZA WATEJA]
row=0
col=11

Row ni mstari kutoka juu, col ni safu kutoka kushoto, kuhesabu kunaanza na 0. Mitihani iko juu kabisa kushoto, CV ziko safu ya kumi na mbili, kulia kule. Hiyo ndiyo siri yote ya ikoni kukaa zinapokaa, hakuna kingine. Tukaizima dekstopu kwa xfdesktop --quit ili isije ikaandika juu yetu, tukanakili faili la Ijumaa juu ya lile linalotumika sasa, tukaiwasha tena kwa Alt+F2 na neno xfdesktop. Zikarudi mahali pake. Mpangilio wa majina haya unatofautiana kidogo kutoka toleo moja la Xfce hadi jingine, kuna mashine utakuta na lenye neno latest ambalo ni kiungo tu kinachoelekeza kwenye faili la mwisho kutumika, kwa hiyo fungua folda utazame kwanza, usikimbilie kunakili.

Mambo mawili kabla sijamwachia mama afanye kazi. Ukitaka kuzima, lile dirisha la kutoka lina kisanduku kinachosema Save session for future logins. Kikiwa na tiki wakati dekstopu imevurugika unahifadhi vurugu, kesho inakuja vilevile. Toa tiki. Na kama uliishahifadhi, vitu vyake viko ~/.cache/sessions, hamisha hiyo folda pembeni halafu ingia upya.

La pili, kesho asubuhi kabla ya mteja wa kwanza uandike hii mara moja tu:

cp -r ~/.config/xfce4 ~/xfce4-nzima

Hapo umeweka bekapu ya paneli, ikoni, rangi, kila kitu cha muonekano, na nakala yenyewe ni ndogo unaweza kuitupia hata kwenye flashi ya zamani. Siku mwanao akirudia unatoka kwenye akaunti, unaingia kwa Ctrl+Alt+F2 kwenye kile kioo cheusi, unaandika jina na password, unahamisha xfce4 mbovu pembeni na kunakili nzima mahali pake, unarudi kwa Ctrl+Alt+F7.

Na naomba tuelewane kuhusu Timeshift maana mama aliniuliza, "si kuna ile programu ya Mint ya kurudisha nyuma?" Ipo na ni nzuri sana, ila ikiwa kama ilivyokuja inaokoa mfumo tu, folda za nyumbani za watumiaji inaziacha nje kwa makusudi. Mpangilio wa dekstopu unakaa nyumbani. Ukirudisha Timeshift ya wiki iliyopita utashangaa kuona ikoni bado zimerundikana. Kama unataka ishike na mipangilio, nenda kwenye mipangilio yake sehemu ya Users umchague mtumiaji wako na uiambie ichukue mafaili yaliyofichwa tu.

Kitu kimoja mtakutana nacho kwenye mitandao ni watu wanaoshauri ufute .config yote uanze upya. Msifanye. Niliwahi kuifuta ya dada yangu, paneli ikarudi vizuri kabisa, na password zake zote za Chrome zikaenda na maji, kwa sababu Chrome kwenye Linux inakaa humo humo ndani ya .config. LibreOffice nayo humo. Iliniuma kwa sababu alikuwa ameniamini. Gusa ile folda ya muonekano tu, nyingine ziache.

*

"Sasa fundi. Mimi ni mwalimu wa somo la kompyuta katika shule ya upili huku Kakamega. Tarakilishi yangu ina Ubuntu 24.04. Kila nikitoka kufundisha na projekta ikoni za dekstopu zinahama zenyewe, na kuna dirisha la slaidi linafunguka mahali siwezi kulifikia, wanafunzi wananicheka. Nimejaribu ile Alt+F2 na herufi r niliyosoma mahali, haikubali. Nisaidie."
Mwalimu, Kakamega

Mwalimu, hapa tunazungumzia GNOME, dekstopu inayokuja na Ubuntu, sio Xfce, kwa hiyo mambo ya mama wa Morogoro kichwani yanasaidia lakini amri ni nyingine. Hiyo r, ya kurestati GNOME, inafanya kazi kwenye mfumo wa zamani wa kuchora madirisha, X11, tu. Ubuntu yako inatumia mrithi wake, Wayland, na kwenye Wayland ukirestati GNOME umefunga kila kitu kilichofunguka, ndiyo maana wameizuia. Njia ni kutoka kwenye akaunti na kuingia tena.

Lile dirisha la slaidi, libofye kwenye orodha ya madirisha kwa Alt+Tab halafu shika Super na Shift na mshale wa kushoto, Super ni kile kitufe chenye alama ya Windows. Linaruka kutoka kioo kimoja kwenda kingine. Likienda upande usiotaka tumia mshale wa kulia. Na ukifika darasani kabla hujafanya lolote bonyeza Super+P, unachagua kama projekta ionyeshe kile kile cha laptop au iwe kioo cha pili. Kwa kufundisha mimi nashauri ionyeshe kile kile, vioo vikiwa na picha moja hakuna mahali pa dirisha kupotelea.

Kuhusu ikoni kuna kitu walimu wengi hawajui. GNOME yenyewe iliacha kuonyesha ikoni kwenye dekstopu tangu 2018, toleo la 3.28. Zile unazoziona kwenye Ubuntu zinachorwa na kiongezeo cha pembeni, na kiongezeo hicho ndicho kinachochanganyikiwa projekta ikiingia na kutoka. Kwa hiyo huhitaji kugusa GNOME nzima, kizime ukiwashe:

gnome-extensions disable ding@rastersoft.com
gnome-extensions enable ding@rastersoft.com

Kama vioo vinakumbukwa vibaya, kwa mfano ukichomeka projekta inakaa juu badala ya pembeni kila siku, kumbukumbu hiyo iko kwenye faili la ~/.config/monitors.xml. Lihamishe pembeni, toka, ingia, panga upya kwenye Settings sehemu ya Displays, litaandikwa jipya.

Ukifika mahali umechoka unataka kila kitu kama siku ya kwanza ipo dconf reset -f /org/gnome/ lakini nakuomba kabla ya hiyo uandike

dconf dump /org/gnome/ > gnome-yangu.txt

Hilo ni faili la maandishi unaweza hata kulisoma. Ukijuta unalirudisha:

dconf load /org/gnome/ < gnome-yangu.txt

Na ukishaipanga kompyuta moja ya maabara vizuri, faili hilohilo unalipeleka kwa flashi kwenye zile nyingine zenye Ubuntu ya toleo hilohilo na zote zinafanana.

*

"Shikamoo fundi. Mimi mwanafunzi wa chuo Dodoma natumia Kubuntu. Nilikuwa napamba dekstopu yangu nikafuta paneli kwa bahati mbaya, nikaweka nyingine ikawa nusu, sasa zipo paneli tatu zimepandana na nina presentation kesho kutwa."
Mwanafunzi, Dodoma

Marahaba mdogo wangu. Ya kwako ndiyo nyepesi kuliko zote. KDE Plasma, dekstopu inayokuja na Kubuntu, inaandika paneli zote na vilivyomo kwenye faili moja lenye jina refu. Fungua terminali kwa Ctrl+Alt+T:

mv ~/.config/plasma-org.kde.plasma.desktop-appletsrc ~/plasma-ya-zamani
systemctl --user restart plasma-plasmashell

Kioo kitakuwa cheusi sekunde kadhaa, usiogope, madirisha uliyofungua hayafungwi, hata kama unaandika presentation inabaki hapohapo. Paneli moja safi itarudi chini. Ikikaidi na zile tatu zikarudi, ina maana Plasma iliandika faili upya wakati inajizima, basi safari hii anza kwa systemctl --user stop plasma-plasmashell, hamisha faili, halafu malizia kwa start badala ya restart. Kupamba endelea baada ya presentation, na kabla ya kupamba nakili hilo faili kwanza.

*

"Salaam aleikum fundi. Nina cyber hapa Mombasa, mashine kumi, zote Debian 12 na Xfce, nimeziweka hivyo kwa sababu virusi vya flashi za wateja vilinichosha. Shida yangu ni wateja wenyewe. Huyu ahamisha paneli juu, yule afuta ikoni ya printa, mtoto aweka picha yake, kila jioni nazunguka mashine moja moja nikirekebisha. Hakuna namna ya kuzifunga?"
Mwenye cyber, Mombasa

Waaleikum salaam ndugu yangu. Ipo, na kazi yenyewe ni ya jioni moja. Unaweza kuifunga paneli yenyewe kwa Lock panel kwenye mipangilio yake, ila hiyo inamzuia asiyejua tu, anayejua anaifungua kwa kubofya mara moja. Mimi napendelea kuacha mteja avuruge atakavyo, akitoka mashine inajirudisha yenyewe.

Tengeneza akaunti ya wateja, tuiite mteja, isiyo na ruhusa ya sudo, yaani ya msimamizi. Ingia kwa akaunti hiyo uipange kama unavyotaka wateja waione, paneli, ikoni, picha ya nyuma, printa. Toka. Kisha kwa akaunti yako mwenyewe:

sudo cp -r /home/mteja/.config/xfce4 /opt/xfce4-safi
sudo chmod -R a+rX /opt/xfce4-safi

Mstari wa pili ni wa lazima, herufi X ni kubwa. Folda hizi kwa kawaida zinasomwa na mwenyewe peke yake, na ukizinakili kwa sudo mwenyewe anakuwa root, msimamizi mkuu wa mashine, kwa hiyo bila huo mstari akaunti ya mteja haitaweza kuzisoma na mteja wa kwanza asubuhi atakuta dekstopu tupu. Halafu ndani ya /home/mteja tengeneza faili liitwalo .xsessionrc, lenye nukta mwanzoni, ndani yake uandike:

rm -rf ~/.config/xfce4
cp -r /opt/xfce4-safi ~/.config/xfce4

Debian inalisoma faili hilo kila mtu anapoingia, kabla Xfce haijaamka, kwa hiyo ikiamka inakuta kila kitu safi. Hii inarudisha mahali pa ikoni na paneli, sio mafaili yenyewe, ikoni ya printa ikifutwa kabisa kwenye folda ya Desktop haitarudi kwa njia hii. Iweke nakala yake nayo /opt na uongeze mstari wa tatu wa kuinakili kwenda ~/Desktop.

Jaribu kwenye mashine moja kwanza. Ingia kama mteja, ivuruge kwa makusudi, hamisha paneli, weka picha mbaya, toka, ingia tena. Ikirudi safi mara mbili mfululizo ndipo uende kwenye zile tisa. Na waambie wateja kwa karatasi ukutani kwamba kazi zao wasave kwenye flashi au watume kwa barua pepe kabla ya kutoka, maana siku moja utataka kusafisha na folda ya Documents pia, na hapo mtu ataachwa na CV yake humo.